Nyungu ya Maharagi: Tujifunze kwa Watu wa Migodi wa Meksiko



Katika mitaa yetu ya migodi kila familia inalijua lile juma la mwisho wa mwezi. Mufuko wa unga umefika chini, samaki imekuwa bei kali, na mama anatuma mutoto sokoni kununua maharagi. Hapo wengine wananuna. "Maharagi tena?" Kijana anasukuma sahani pembeni, anakwenda kutafuta mukate na soda barabarani. Tumezoea kuona maharagi kama chakula cha haya, chakula cha mutu asiye na kitu.

Lakini kuna inchi moja ambako tajiri na maskini wanapika nyungu ya maharagi kila mara, na hakuna anayeona haya. Inchi hiyo ni Meksiko. Kwa lugha yao ya Kihispania wanayaita *frijoles de la olla*, maana yake ni "maharagi ya nyungu". Ndani yake hakuna nyama, hakuna tomati, hakuna kitu cha kukopa kwa jirani. Ni maharagi, maji, kitunguu, mafuta kidogo na chumvi. Basi kwa nini wanayapenda hivyo? Ni kwa sababu wanajua kuyapika. Mwezi huu tunataka kujifunza kwao, mama na baba, na wewe kijana pia, maana moto haujui kama mupishi ni mwanamume ao mwanamuke.

WATU WA MIGODI KAMA SISI

Usifikiri kwamba Meksiko iko mbali sana na maisha yetu. Ni inchi ya migodi. Katika mwaka 1546 Wahispania walipata feza nyingi pale Zacatecas, muji ulio juu kwenye inchi kavu ya milima, karibu metre 2.400 juu ya bahari. Watu walikuja kutoka pande zote kuchimba. Ardhi ya pale ilikuwa ngumu, na wachimbaji walilishwa kwa mavuno ya mashamba yaliyokuwa mbali, zaidi upande wa kusini katika eneo linaloitwa Bajío. Hata leo Zacatecas inachimba feza, na tena ni moja ya majimbo ya Meksiko yanayovuna maharagi mengi kupita mengine. Feza inatoka chini na kwenda inchi za mbali. Maharagi yanabaki na kulisha watu.

Upande mwingine, pale Pachuca na Real del Monte, wachimbaji kutoka Cornwall katika Uingereza walifika karibu mwaka 1825. Wengi wao walikuwa Wamethodisti, na imani yao ilikuwa mbegu ya kanisa la Kimethodisti pale. Walikuja pia na chakula chao cha kushuka nacho mugodini: unga wa ngano uliokandwa na kufungwa, ndani yake nyama na viazi. Watu wa pale wanakiita *paste*. Leo utapata *paste* yenye maharagi ndani. Mugeni alileta mukate, mwenyeji akatia maharagi yake.

Na kaskazini kabisa, Cananea, wanachimba shaba kama sisi. Katika mwezi wa sita wa mwaka 1906 wafanyakazi wa Cananea waliacha kazi, wakiomba mushahara wa haki na saa 8 za kazi. Mwaka huohuo, 1906, kampuni ya Union Minière ilianzishwa kwa ajili ya shaba ya Katanga. Shaba ni ileile, na jasho ni lilelile. Kwa hiyo, mama wa Kolwezi ao wa Likasi anapoinama juu ya mbabula yake, ajue kwamba kuna mama mwingine, muke wa muchimba shaba, anayeinama vilevile juu ya nyungu yake.

MAHARAGI NA MAHINDI NI NDUGU

Tena kuna undugu mwingine. Maharagi haya tunayokula hayakuanza Afrika. Watu wa kale wa Meksiko, na wengine wa milima ya Andes katika Amerika ya Kusini, ndio walioyatoa porini na kuyalima, miaka maelfu mbele ya Wazungu kufika kwao. Mahindi nayo yalitoka Meksiko. Katika shamba lao la desturi, linaloitwa *milpa*, walipanda mahindi, maharagi na maboga pamoja. Muhindi unasimama, muharagi unapanda juu yake kama kwenye muti, na majani ya boga yanafunika udongo ili usikauke. Mizizi ya maharagi inarudisha nguvu kwenye udongo. Hakuna mumoja anayekula peke yake.

Kisha Kolombo akavuka bahari katika mwaka 1492. Nyuma yake Wareno walibeba mbegu hizo mpaka pwani za Afrika, na toka kule zikaingia polepole mpaka kwetu. Kivu, Rwanda na Burundi wakayapenda maharagi hata leo wao ni kati ya watu wanaoyakula kupita wote duniani. Basi bukari na maharagi kwenye sahani yako ni ndugu wawili waliozaliwa mahali pamoja, wakakutana tena kwenye meza yako.

Undugu huo si maneno tu. Mahindi yana nguvu lakini yanapungukiwa na sehemu fulani ya chakula cha kujenga mwili, na sehemu hiyo inapatikana katika maharagi. Maharagi nayo yanapungukiwa na kitu kingine, na kitu hicho kiko katika mahindi. Ukiwakalisha pamoja kwenye sahani, mutoto anapata vitu vya kujenga mwili karibu kama anayekula nyama. Maharagi yana pia chuma, na chuma kinasaidia damu. Kamulia ndimu kidogo juu yake, kama wanavyofanya Meksiko, maana ndimu inasaidia mwili kuchukua chuma hicho. Lakini usinywe chai ya majani pamoja na chakula, maana chai inakizuia. Ungoje saa moja hivi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wamama wa Meksiko wanajua. Wao hawasagi mahindi makavu kama sisi. Wanayachemsha kwanza na chokaa kidogo, wanayaacha usiku, wanayaosha, ndipo wanayasaga na kutengeneza mukate mwembamba unaoitwa tortilla. Chokaa ile inafungua vitamini fulani iliyofungwa ndani ya mahindi. Mahindi yalipoenea duniani bila desturi hiyo, watu waliokula unga wa mahindi karibu peke yake walipata ugonjwa unaoitwa pelagra: ngozi inaharibika kwenye jua, tumbo linaharisha, akili inachafuka. Sisi hatuna desturi ya chokaa. Kwa sababu hiyo sahani yetu ya bukari isibaki na majani matupu siku zote. Maharagi yana kazi kubwa kwetu kupita hata kwao.

NAMNA YA KUPIKA

Kwa familia ya watu sita, tafuta vitu hivi:

Maharagi makavu, kilo 1. Kitunguu 1 kikubwa. Vitunguu saumu, punje 4. Mafuta, vijiko vikubwa 2 (kule wanapenda mafuta ya nguruwe, mafuta ya kawaida yanafaa). Chumvi, kijiko kikubwa 1 na nusu, kisha uonje. Maji, litri 4 hivi.

*Kwanza, chagua.* Mwaga maharagi juu ya meza ao juu ya lungo, uyapitie kwa mukono. Toa mawe, udongo, na punje zilizotobolewa na wadudu. Kule Meksiko kazi hii ni ya bibi na wajukuu wake, na hadithi nyingi zinapita wakati wa kuchagua. Usiwanyime watoto wako kazi hiyo. Kisha uyaoshe mara mbili ao tatu.

*Pili, loweka.* Wamama wengi wa Meksiko hawaloweki, kwa sababu wanapata maharagi ya mavuno mapya. Maharagi ya soko letu mara nyingi yamekaa mwaka ao zaidi katika mifuko, tena yamekauka kama changarawe. Kwa hiyo yaloweke jioni katika maji mengi mpaka asubuhi. Asubuhi umwage maji hayo. Sehemu ya kile kinachojaza tumbo gazi inakwenda pamoja nayo.

*Tatu, weka motoni.* Tia maharagi katika nyungu na maji mapya, maji yayafunike na kupita juu kadiri ya vidole vinne. Katia kitunguu vipande viwili, utie na vitunguu saumu na mafuta. Usitie chumvi bado. Acha yachemke kwa nguvu, maji yakirukaruka, kwa muda wa dakika 10 kamili ao zaidi. Kisha punguza moto, funika, yaendelee polepole.

*Ine, linda maji.* Hapa ndipo siri yao ilipo. Mama wa Meksiko anaweka bakuli la udongo lenye maji juu ya mudomo wa nyungu, kama mufuniko. Muvuke unaotoka chini unapasha maji yale. Maharagi yakianza kutokea juu ya muchuzi, anaongeza maji ya bakuli, na maji yale ni ya moto. Hatii maji ya baridi hata kidogo. Wanasema maji ya baridi yanashitua maharagi na kuyafanya kuwa magumu. Hata kama hujali usemi huo, jua kwamba maji ya baridi yanazimisha muchemko, na makala yako yanaanza kazi upya. Weka sufuria ndogo juu ya nyungu yako, na utapata maji ya moto bila kuongeza hata kala moja.

*Tano, tia chumvi mwishoni.* Punje ikiponda kwa urahisi kati ya vidole viwili, tia chumvi na uache dakika 20 hivi, chumvi iingie ndani. Kusini ya Meksiko, ambako wanapenda maharagi meusi, ndipo wanapotia pia jani lenye harufu kali linaloitwa *epazote*. Kwetu unaweza kutia seleri kidogo, ingawa ladha si ileile. Kama unapenda tomati, ungoje mpaka maharagi yaive, kwa sababu ukali wa tomati unafanya ngozi ya maharagi kuwa ngumu. Wengi wanaotukana maharagi ya soko, shida yao ni tomati iliyotangulia.

Na bikarbonati? Ndiyo, inalainisha upesi. Lakini inaharibu vitamini na inaacha ladha ya sabuni. Ukiwa umeloweka vizuri, huihitaji.

Maharagi yaliyolowekwa yanaweza kuiva kwa saa moja na nusu ao mbili. Ya zamani sana yanapita hapo. Muchuzi wake uwe muzito kidogo, wenye rangi. Kule wanaupakua katika bakuli pamoja na maharagi, wanatia juu kitunguu kibichi kilichokatwa kidogokidogo, pilipili na ndimu, na wanachovya tortilla. Wewe chovya bukari yako.

"PASTA, MAHARAGI INAKULA MAKALA!"

Hilo ndilo neno tunalosikia kwa wamama, na ni neno la kweli. Makala ni feza. Tena pori letu la miombo linaendelea kukimbia mbali na miji kwa sababu ya makala. Lakini ukumbuke hili: pale Zacatecas, kwa sababu ya urefu wa mulima, maji yanachemka kwenye digri 92 hivi, si 100. Lubumbashi iko chini zaidi, na maji yake yanachemka kwenye digri 96 hivi. Moto wao unafanya kazi kubwa kupita wetu, na bado hawakuacha maharagi. Kuna njia tatu za kupunguza makala.

Ya kwanza ni kuloweka, na tumekwisha kuieleza. Ya pili ni kufunika nyungu siku zote, na kuacha moto mudogo. Maji yanayorukaruka kwa saa tatu hayaivishi upesi kupita maji yanayocheka polepole. Kinachoongezeka ni muvuke na hasara.

Ya tatu ni kapu la joto. Chukua kapu kubwa ao karto, ulijaze nyasi kavu, nguo kuukuu ao blanketi. Chemsha maharagi yaliyolowekwa kwa nguvu kwa muda wa dakika 30. Ondoa nyungu motoni na mufuniko wake, bila kufungua. Futa chini kusibaki kala lenye moto, kisha ulizike ndani ya kapu na kufunika juu kwa unene. Nenda kanisani ao sokoni. Nyuma ya saa tatu ao ine utakuta nyungu bado ni ya moto na maharagi yamelainika sana. Irudishe motoni ichemke tena, tia chumvi, umalize.

MAMBO YA HATARI

Katika kitabu cha Wafalme wa Pili, sura ya 4, wanafunzi wa manabii walianza kula kisha wakapiga kelele kwamba kifo kilikuwa ndani ya nyungu. Mwenye kupika hakuwa na roho mbaya, hakujua tu. Basi sisi tujue.

Maharagi, zaidi yale mekundu, yana sumu fulani yakiwa mabichi. Mutu akila yale ambayo hayakuiva, anaweza kutapika na kuharisha sana ndani ya saa chache. Muchemko wa nguvu wa dakika 10 ao zaidi unaua sumu hiyo. Maji ya uvuguvugu hayaiui. Kwa hiyo usitie maharagi katika kapu la joto bila kuyachemsha kwanza kwa nguvu.

La pili: maharagi yaliyoiva yanachacha upesi kwenye joto letu. Kama huna frigo, yachemshe tena usiku mbele ya kulala, na tena asubuhi, na usiingize kijiko kilicholambwa. Yakitoa povu na harufu ya ukali, yamwage. Usihurumie maharagi kupita watoto.

La tatu ni kubwa kupita yote. Usilaze mbabula yenye moto ndani ya nyumba iliyofungwa ili maharagi yaive usiku. Gazi ya makala haina harufu, na inaua watu wakiwa katika usingizi. Pika nje ao mahali pa wazi, na usiku zima moto.

SIKU YA PILI NA YA TATU

Familia ya Meksiko inapika nyungu moja na kula mara nyingi. Siku ya kwanza ni maharagi na muchuzi wake. Siku ya pili wanakaanga kitunguu katika mafuta, wanatia maharagi na muchuzi kidogo, wanayaponda kwa mwiko mpaka yawe uji muzito. Wanaita *frijoles refritos*, maana yake yaliyokaangwa vizuri. Yapake juu ya mukate asubuhi, na mutoto ataenda masomoni tumbo likiwa limesimama. Kwa mutoto anayeanza kula, mwenye miezi 6 na zaidi, ponda yaliyobaki bila pilipili, uchuje ngozi, uchanganye na uji wake wa mahindi. Siku ya tatu, kama kuna kipande kidogo cha nyama ao samaki kavu, kitie ndani ya muchuzi uliobaki pamoja na tomati na pilipili. Nyama ambayo haingeshibisha watu wawili inawapa watu sita ladha.

ESAU HAKUWEZA KUNGOJA

Mufalme Daudi alipokimbia mbele ya Absalomu, marafiki walimuletea chakula jangwani, na maharagi yalikuwa kati yake (2 Samweli 17). Yale yalikuwa aina nyingine, maana haya yetu yalikuwa bado ngambo ya bahari. Lakini Mufalme hakununa.

Kuna nyungu nyingine katika Mwanzo 25. Yakobo alikuwa akipika dengu. Esau akarudi kutoka porini, amechoka, njaa inamuuma, akatoa haki yake ya uzaliwa wa kwanza kwa sahani moja. Dengu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mutu asiyeweza kungoja.

Wewe kijana, unajua ninachotaka kusema. Kuna wenzako walioacha masomo darasa la tano ili kwenda kuchimba kwa mikono, kwa sababu feza ya leo inanukia kama dengu ya Yakobo. Wengine walilazimishwa na njaa ya nyumbani, na hao siwahukumu. Ndiyo sababu ninawaambia wazazi: nyungu inayojaa kila siku nyumbani, hata kama ni ya maharagi, inamufunga mutoto kwenye meza, na kwenye masomo, kupita fimbo. Njaa ya mutoto ikipata jibu nyumbani, haitatafuta jibu kwenye shimo.

Baba, usidharau nyungu hiyo mbele ya watoto. Ukinuna, nao watanuna. Ukishukuru kwa sauti, nao watajifunza kushukuru. Jumamosi hii nunueni kilo moja. Watoto wachague, mama ao kijana aloweke, baba atengeneze kapu la joto. Na siku ya Mungu, mukitoka kanisani, mufungue kapu wote pamoja, muombe, mule.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani:

1. Nyumbani mwetu, ni chakula gani tunachokionea haya, na kwa nini?
2. Kazi gani ya kupika inaweza kufanywa na kila mumoja, hata mutoto mudogo?
3. Soma Mwanzo 25:29-34. Leo ni "sahani ya dengu" gani inayowavuta vijana wa mutaa wetu?